Jinsi ya Kusafisha na Kutunza Hema

Tuseme shule imepeleka wanafunzi wake kupiga kambi kando ya Bwawa la Hombolo, takriban kilomita 40 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma. Siku ya kuondoka mvua inanyesha. Hema linakunjwa likiwa bado bichi na kuwekwa ghalani. Muhula unaofuata linafunguliwa: lina madoa meusi, linanuka uvundo, na kitambaa kinachanika kikivutwa kidogo. Hema ni kifaa cha gharama, na shule isiyo na hema haina safari. Je, ni nini kilicholiharibu?

Kuvu

Turubai la pamba limefumwa kwa nyuzi ambazo karibu zote ni selulosi. Spora za kuvu zimo hewani na vumbini kila mahali. Zikipata unyevu na joto huota, na kuvu hutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi iwe chakula chao. Yaani, hema huliwa. Mahema ya nailoni na poliesta hayaliwi kwa urahisi hivyo, lakini kuvu huota juu ya uchafu ulioyashika, na utando wake wa kuzuia maji huweza kuharibika na kunata ukikaa katika unyevu na joto. Kwa hiyo, hema lisihifadhiwe kamwe likiwa na unyevu.

Chumvi

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jua huvukiza maji mengi ya bwawa hili, lililojengwa mwaka 1957, na maji yanayopaa huacha chumvi nyuma. Hiyo ni sababu mojawapo ya maji ya Hombolo kuwa na chumvi. Hema likifuliwa kwa maji ya chumvi, chembe zake hubaki katika nyuzi, hunyonya unyevu wa hewa na kuharakisha kutu katika pete za chuma. Aidha, maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi hayatoi povu vizuri. Sabuni hugeuka utando unaoshika uchafu.

Namna ya kusafisha

1. Simika hema, kisha ulifagie ndani na nje kwa burashi laini. Chembe za mchanga zikiachwa hukata nyuzi kila linapokunjwa.

2. Futa madoa kwa sifongo na maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa yafaa sana. Usitumie maji ya moto wala sabuni kali ya unga, kwani huondoa nta au dawa inayozuia maji. Doa likikataa kutoka, tumia sabuni laini kidogo, kisha suuza vema.

3. Anika kivulini penye upepo mpaka mishono na pembe zikauke kabisa. Miale ya urujuanimno itokayo katika jua hudhoofisha pamba na nailoni pia.

4. Hifadhi hema juu ya rafu au kichanja, wala si sakafuni, kwa maana mchwa nao hula selulosi. Vigingi viwekwe katika mfuko wake, visije vikatoboa kitambaa.

Jaribio

Chukua vipande vitatu vya kitambaa cha pamba. Cha kwanza kiwe kikavu. Cha pili kiloweshwe. Cha tatu kiloweshwe, kisha kikaushwe kabisa. Kila kimoja kitiwe katika chupa yake yenye kifuniko na kuachwa siku 21. Tazama bila kufungua chupa. Aidha, vukiza kijiko cha maji ya bwawa na kijiko cha maji ya mvua juu ya vipande viwili vya kioo, ulinganishe mabaki.

Maswali

(a) Kwa nini kipande cha tatu kimewekwa katika jaribio?

(b) Mvua ikinyesha siku ya kuvunja kambi, hema lifanyiwe nini mara lifikapo shuleni?