Jokofu la Chanjo Kabla ya Ukaguzi
Zahanati inayosubiri ukaguzi aghalabu huanza kwa kupaka kuta rangi. Mkaguzi mzoefu huelekea kwenye jokofu la chanjo na kuomba fomu ya jotoridi. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kipimo husomwa asubuhi na jioni, hata sikukuu. Fomu iliyojazwa usiku mmoja, kwa kalamu moja, nyuzi 4 mwezi mzima, hujishtaki yenyewe. Tena huficha siku ambayo chanjo iliganda. Chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, nayo ikiyeyuka huweza kuonekana nzima. Mama mjamzito huchomwa, akaondoka akidhani amekingwa. Kipimo kisichosomwa kiachwe wazi, sababu iandikwe, na vichupa vinavyoshukiwa kuganda vitengwe.