SOMO: NANI AMEHESABIWA? JINSI YA KUPIMA UKOSEFU WA KAZI



Mara nyingi tunasikia redioni kwamba ukosefu wa kazi katika nchi fulani ni asilimia kadha. Mwajiri naye huleta tarakimu zake mezani wakati wa mapatano. Wengi wetu hunyamaza, kwa kuwa tunadhani hesabu ni mambo ya wasomi. Sisi tunaoandika somo hili tuliishia darasa la saba, na tunawahakikishia kwamba hesabu hii ni ya kujumlisha na kugawanya tu. Jambo kubwa ni kujua nani ameulizwa, na ameulizwa nini.

1. KOSA LETU

Katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda, mwajiri alileta mashine za kukata majani. Wachumaji wakaanza kupunguzwa. Tawi letu likatakiwa kuleta idadi ya waliopoteza kazi. Tukafungua daftari la wanachama, tukahesabu majina, tukaenda mezani.

Daftari lile lilikuwa la wafanyakazi wa kudumu, na karibu wote walikuwa wanaume. Vibarua wanawake, ambao ndio walioachishwa kwanza, hawakuwamo, kwa sababu hawakuwa wakikatwa ada ya chama. Mwajiri akasoma karatasi yetu, akasema, "Nyinyi wenyewe mmeandika kwamba walioachishwa ni wachache." Hatukuwa na jibu. Malipo ya kuachishwa yakapatanwa kwa wafanyakazi wa kudumu peke yao. Akina mama wale wakarudi vijijini mikono mitupu. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

2. MAMBO MATATU

Mwaka 1982 wataalamu wa takwimu walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani wakakubaliana juu ya kipimo ambacho nchi nyingi hukifuata. Mtu huhesabiwa kuwa hana kazi akiwa na mambo haya matatu kwa pamoja:

(a) hana kazi yoyote ya kumpatia malipo au faida katika muda unaoulizwa, kwa kawaida wiki moja;
(b) yuko tayari kuanza kazi;
(c) amefanya juhudi ya kutafuta kazi.

Angalieni vizuri. Kibarua aliyepata saa moja tu ya kazi katika wiki ile huandikwa kuwa ana kazi. Na yule aliyechoka kusimama langoni kila asubuhi, akaacha kutafuta, haandikwi kuwa hana kazi. Huwekwa nje ya hesabu, pamoja na wanafunzi na wazee.

Mwaka 2013 kipimo kilirekebishwa. Mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake haandikwi tena kuwa ameajiriwa kwa kilimo hicho. Rwanda inatumia kipimo hicho kipya. Kwa hiyo tusilinganishe nchi mbili kabla ya kujua kila moja imepima kwa njia gani.

3. HESABU YENYEWE

Chukua idadi ya wasio na kazi. Igawanye kwa jumla ya wenye kazi na wasio na kazi. Zidisha kwa 100.

Tuseme katika laini moja ya nyumba za wafanyakazi kuna wanaume 100: 96 wana kazi, 4 wanatafuta. Kuna wanawake 60: 48 wana kazi, 12 wanatafuta. Kwa jumla watu 16 kati ya 160 hawana kazi, yaani asilimia 10.

Sasa tenganisheni makundi. Wanaume ni 4 kati ya 100, yaani asilimia 4. Wanawake ni 12 kati ya 60, yaani asilimia 20. Ile asilimia 10 si hali ya wanaume wala si hali ya wanawake. Ni wastani, na ndani ya wastani huo mwanamke amefichwa.

Tuendelee. Wanawake wale 12 wametafuta miezi sita bila kupata, wakakata tamaa. Mwenye kuhesabu akija tena atakuta wanawake 48 wana kazi na hakuna anayetafuta. Ataandika kwamba ukosefu wa kazi kwa wanawake ni sifuri, na kwa laini nzima ni watu 4 kati ya 148, chini ya asilimia 3. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi, lakini karatasi inasema hali imekuwa nzuri!

Kwa sababu hiyo nchi nyingine hutoa vipimo viwili: kipimo cha kawaida, na kipimo kipana kinachowaingiza wanaotaka kazi ingawa wameacha kutafuta.

4. MFANO WA AFRIKA KUSINI

Wakati wa ubaguzi wa rangi, Mwafrika aliyepoteza kazi mjini aliweza kupoteza pia ruhusa ya kukaa mjini, akarudishwa katika eneo walilotengewa Waafrika. Maeneo manne, Transkei mwaka 1976, Bophuthatswana 1977, Venda 1979 na Ciskei 1981, yalitangazwa na serikali ya makaburu kuwa nchi huru, ingawa dunia haikukubali. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 1980 haikuwahesabu watu wa Transkei, Bophuthatswana na Venda. Hivyo mtu alifukuzwa kazini, akafukuzwa mjini, na mwisho akafukuzwa hata katika hesabu. Maeneo hayo yalirudishwa katika nchi mwaka 1994.

Leo idara ya takwimu ya nchi hiyo huhesabu wote na kutenganisha makundi. Katika robo ya pili ya mwaka 2021, kipimo cha kawaida kilikuwa asilimia 34.4, na kipimo kipana asilimia 44.4. Tofauti ya asilimia 10 ilitokana na watu waliotaka kazi lakini hawakuwa wakitafuta.

Kwa kipimo cha kawaida, wanawake Waafrika walikuwa asilimia 41.0, wanawake machotara 29.9, wanawake wenye asili ya Kihindi na Kiasia 22.4, na wanawake Wazungu 8.2. Nchi ni moja, sheria ya kazi ni moja, lakini mzigo haukugawanywa sawa. Mtu akitupa ile 34.4 peke yake, hatuwezi kujua ni nani anayeubeba.

5. KAZI YA KILA TAWI

Tusingoje serikali. Kila tawi lichukue daftari, wajumbe wapite nyumba kwa nyumba, si kwa orodha ya ada. Kila mtu mwenye miaka 15 au zaidi aandikwe: mwanamume au mwanamke, umri, wa kudumu, wa msimu au kibarua, siku alizofanya kazi wiki iliyopita, kama anataka kazi, kama ametafuta, na kama ameacha, kwa nini. Wajumbe wawe wanaume na wanawake, maana kuna maneno ambayo mama hatamwambia mnyapara wa jana.

Kisha pigeni hesabu ya kila kundi peke yake kabla ya kutoa jumla.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kiwanda au shamba lenu, ni nani hawamo katika daftari la chama?
2. Kibarua anayepata siku moja kwa wiki: kipimo humwandika vipi? Nyinyi mngemwandika vipi?
3. Kiwango kikishuka, tutajuaje kama watu wamepata kazi au wamekata tamaa?

Asiyehesabiwa hasemewi. Tuwahesabu wote, ndipo tuwasemee wote.

Umoja ni nguvu.