Kambare Mchanga Aelekeapo Baharini

Katika maduka ya samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani huuzwa kambare mdogo mwenye rangi ya fedha na mapezi meusi yenye ncha nyeupe. Pezi lake la mgongoni husimama wima, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara humwita papa, ingawa si papa hata kidogo. Jina lake la kisayansi ni Ariopsis seemanni, na kwao ni upande wa Pasifiki, tangu Mexico hadi Colombia. Huuzwa akiwa katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na mnunuzi humwacha humo siku zote. Hatimaye samaki hudhoofika, huacha kula, na hufa kabla ya wakati wake.

Muuzaji hakusema uongo mtupu. Samaki huyu akiwa mchanga huishi mitoni na kwenye midomo ya mito. Akikua, na urefu wake hupita sentimita 30, huhitaji maji ya chumvi. Yeye ni wa ukoo mmoja na hongwe wa pwani ya Afrika Mashariki.

Je, kwa nini asitupwe baharini mara moja? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Damu ya samaki huyu, kama ya samaki wengi wenye mifupa, yalingana na maji yenye gramu 10 hivi kwa lita. Akiwa mtoni, damu yake ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka; kwa hiyo maji hupenya matamvua na kuingia mwilini kwa osmosisi. Figo huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua hunyakua chumvi chache iliyomo majini. Baharini kazi yote hupinduka: mwili hupoteza maji, samaki hulazimika kunywa maji ya bahari, mkojo hupungua, na matamvua yale yale hutoa chumvi ya ziada. Seli za kuitoa hujengwa kwa siku kadhaa, wala si kwa saa moja.

Hapa ndipo pa kuzingatiwa. Maji yakifika gramu 10 kwa lita, damu na maji huwa karibu sawa, na samaki hupumzika na kazi zote mbili. Kufika hapo si kugumu. Kupita hapo ndiko kunakodai subira. Ni vyema basi kusimama majuma machache katika kiwango hicho kabla ya kuendelea.

Tufanye hesabu. Tangi lina lita 200 za maji baridi, nasi twataka kuongeza gramu 2 kwa lita kila juma, huku tukibadilisha lita 40. Juma la kwanza twahitaji gramu 400 za chumvi. Juma la pili je? Wanafunzi wengi watajibu 400 tena. Lakini lita 40 tulizotoa zimechukua gramu 80, hivyo jibu ni 480. Maji yakipungua kwa mvuke, jazeni maji baridi, kwa kuwa chumvi haiendi na mvuke. Chumvi iyeyushwe kwanza katika ndoo. Ya jikoni haifai, kwani haina kalisi na magnesi ya kutosha. Shule iliyo pwani yaweza kutumia lita 11 na nusu hivi za maji safi ya bahari badala ya zile gramu 400.

Bakteria wa kwenye chujio, wanaogeuza amonia ya kinyesi, nao huumia chumvi ikiongezwa ghafula. Zaidi ya hayo, maji ya bahari yana ualkali zaidi, na amonia ile ile huwa na sumu kali zaidi humo. Samaki akihema upesi au kuyumba, msiongeze chumvi juma hilo. Asishikwe kwa mkono: miiba ya mapezi yake ina sumu.

Mwalimu asijaribu haya kwa kambare wetu wa mabwawani, Clarias gariepinus. Huyo ni wa ukoo mwingine, na maji ya bahari humwua. Kwa darasa vyatosha vipande vitatu vya kiazi vyenye urefu sawa: kimoja katika maji matupu, kimoja katika maji ya gramu 10 kwa lita, na kimoja katika ya gramu 35. Vipimwe tena asubuhi ya pili, na kila mwanafunzi aandike ni kipi kilichobadilika kidogo kuliko vyote, na kwa nini.