Sinki Linalokoroma: Maana ya Sauti za Mabomba ya Maji Machafu

Katika nyumba nyingi za mijini kazi ya kuosha vyombo humalizika kwa sauti. Kizibo kikiondolewa, maji hushuka kimya kwa muda, kisha bomba hukoroma kama mtu aliyelala chali, likanyamaza. Kwa kuwa maji yamekwisha kuondoka, wenye nyumba hawaijali sauti hiyo. Baada ya siku chache harufu mbaya huanza kusikika jikoni. Hapo hulaumiwa mabaki ya chakula, au kitambaa cha kufutia vyombo, na wengine hutia vidonge vya naftalini ndani ya sinki ili kuifunika harufu. Ni mara chache sana mtu huhusisha harufu na ule mkoromo, ilhali mara nyingi mambo hayo mawili yana asili moja.

Makala haya yanaeleza asili hiyo, na namna mtu asiye fundi anavyoweza kutambua sauti isiyo na madhara na sauti inayotoa onyo.

KAZI YA MTEGO WA MAJI

Atakayeinama na kutazama chini ya sinki ataona kwamba bomba haliendi moja kwa moja ukutani. Kwanza hushuka, kisha hupinda na kupanda kidogo, ndipo huelekea nje. Katika masinki mengine mahali pa pindo hilo huwapo kikopo mfano wa chupa. Sehemu hii itaitwa hapa mtego wa maji, kwa sababu kila mara sinki linapomwagwa, kiasi kidogo cha maji hunaswa humo na kubaki.

Maji hayo machache ndiyo mlango kati ya jikoni na shimo la maji taka. Ndani ya shimo, uchafu huozeshwa na bakteria na kutoa gesi, zikiwamo methani, ambayo huwaka, na hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza na ambayo ni sumu. Wadudu nao hupita katika mabomba hayo. Maji yakiwamo mtegoni, gesi na wadudu hawapiti. Yasipokuwamo, nyumba huwa imefunguliwa kwa shimo usiku na mchana.

Wazo hili si geni. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi London, alipewa hataza ya choo cha maji chenye bomba lililopinda mfano wa herufi S. Tangu wakati huo pindo lenye maji limekuwa kinga kuu ya nyumba dhidi ya hewa ya mabomba ya maji taka.

Kinga hiyo, hata hivyo, ni nyembamba. Kina cha maji yanayoziba mtego kwa kawaida ni milimita 50 hadi 75, yaani upana wa vidole vitatu au vinne hivi. Kanieneo ya hewa ya kawaida inaweza kuhimili safu ya maji yenye kimo cha mita 10 na zaidi kidogo. Milimita 50 ni kama sehemu 1 kati ya 200 ya kimo hicho. Maana yake ni kwamba kanieneo ndani ya bomba ikipungua kwa sehemu 1 tu kati ya 200, hewa ya jikoni yaweza kuyasukuma maji ya mtego yakatoka.

FUNZO LA KOPO LA MAZIWA

Kila anayefungua kopo la maziwa ya maji hutoboa matundu mawili. Akitoboa moja, maziwa hutoka kwa kusitasita na kwa sauti, kwa sababu kila tone linalotoka huacha nafasi ndani ya kopo, na nafasi hiyo yapaswa kujazwa na hewa. Tundu likiwa moja, hewa na maziwa hugombea mlango. Tundu la pili likitobolewa, maziwa hutiririka kimya.

Kanuni ni hiyo hiyo katika mabomba. Maji yanaposhuka husukuma hewa iliyo mbele yake na kuivuta iliyo nyuma yake. Ndiyo sababu nyumba iliyojengwa vizuri huwa na bomba la hewa lililosimama na kutokeza juu ya paa. Hilo ndilo tundu la pili. Likiwa halipo, au likiwa limezibwa, mabomba hutafuta hewa penginepo, na pengine pa karibu ni kupitia mtego wa sinki. Mkoromo ni sauti ya hewa ikipenya katikati ya maji ya mtego. Na kila inapopenya huondoka na sehemu ya maji hayo.

NJIA TATU ZA MTEGO KUPOTEZA MAJI

Njia ya kwanza ni sinki kujinyonya lenyewe. Mtu anayehamisha mafuta ya taa kutoka katika pipa kwa mpira hujua kwamba mpira ukishajaa, mafuta hupanda ukingo wa pipa na kushuka upande wa pili bila kuvutwa tena. Maji yakishuka kwa wingi na kulijaza bomba lote, bomba nalo hugeuka kuwa mpira wa namna hiyo, likayavuta hata yale ambayo yangebaki mtegoni. Hatari ni kubwa pale ambapo bomba baada ya mtego hushuka wima kwenda sakafuni, au pale ambapo ni jembamba, refu na lenye mteremko mkali. Yafaa ifahamike pia kwamba beseni la kunawia lenye kitako cha mviringo hujinyonya kwa urahisi kuliko sinki la jikoni lenye kitako bapa. Sinki bapa huchuruza maji kidogo kidogo mwishoni, na machuruziko hayo huujaza mtego upya.

Njia ya pili ni kunyonywa na jirani. Choo kinapovutwa, maji mengi huanguka kwa pamoja katika bomba kuu na kuburuta hewa. Kama bomba la hewa haliwezi kuleta hewa nyingine kwa haraka, kanieneo hupungua katika matawi yote, na sinki ambalo halikuguswa na mtu hukoroma. Kinyume chake pia hutokea: maji yanayoanguka yakikuta kizuizi mbele, hewa hubanwa, kisha hurudi juu na kutoa mapovu ndani ya sinki.

Njia ya tatu haina sauti, nayo ni kukauka. Tundu la sakafuni katika bafu lisilotumika hukauka baada ya majuma kadhaa, na katika nchi zenye joto hukauka upesi zaidi.

Madhara yake yalidhihirika Hong Kong mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uitwao SARS. Katika majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens waliambukizwa wakazi zaidi ya 300, na 42 kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika nyumba nyingi mitego ya matundu ya sakafuni ilikuwa imekauka, kwa kuwa watu walipiga deki kwa kitambaa badala ya kumwaga maji. Feni za kutolea hewa bafuni zikawa zinavuta hewa chafu kutoka mabombani na kuiingiza ndani. Hali hiyo ilionwa kuwa miongoni mwa njia zilizoeneza ugonjwa. Kikombe kimoja cha maji katika kila tundu kingerudisha kinga iliyopotea.

KIPIMO CHA NJITI YA CHELEWA

Si kila mkoromo ni hatari. Maji ya mwisho yanapozunguka juu ya tundu la sinki hufanya kizingia na kufyonza hewa kwa sauti, lakini machuruziko yakiujaza mtego tena, hapana madhara. Ili kujua kama maji yamebaki, yatosha njiti moja kavu ya ufagio wa chelewa.

1. Mimina maji taratibu ndani ya sinki kwa kikombe ili mtego ujae, kisha subiri dakika moja.
2. Ingiza njiti katika tundu la sinki mpaka iguse chini. Itoe na utie alama mahali maji yalipofika.
3. Ziba sinki, lijaze, kisha fungua kizibo kwa ghafula. Maji yakishaisha, pima tena kwa njiti nyingine kavu.
4. Rudia kipimo baada ya kuvuta maji ya choo mara mbili au tatu, bila kutumia sinki.

Alama zikilingana, mtego ni mzima. Maji yakipungua baada ya hatua ya tatu, sinki linajinyonya lenyewe. Yakipungua baada ya hatua ya nne, linanyonywa na choo, na kasoro iko katika bomba la hewa au katika bomba kuu. Katika mitego ya kikopo njiti huenda isipite vizuri. Hapo fundi aweza kufungua kikopo na kutazama.

KUITAMBUA KASORO KWA SAUTI

Sinki moja linakoroma na maji yake yanashuka polepole. Kizuizi kiko karibu, katika mtego au tawi la sinki hilo. Jikoni mara nyingi ni mafuta yaliyoganda pamoja na punje za wali, majivu na mchanga wa kusugulia masufuria. Dawa yake ni kuweka ndoo chini, kufungua mtego na kuusafisha kwa mkono.

Sinki moja linakoroma ingawa maji yanashuka kwa kasi. Hapana kizuizi, umbo la bomba ndilo baya, au halipati hewa.

Sinki linakoroma choo kinapovutwa. Panda, au mpandishe fundi, akatazame bomba la hewa juu ya paa. Huenda ndege wamejenga kiota, majani yamelijaza, au wakati wa kuezeka upya lilikatwa na kufunikwa. Katika nyumba nyingine halikuwekwa tangu mwanzo.

Masinki na vyoo vyote vinakoroma, na maji ya bafuni yanapanda sakafuni. Shimo limejaa, au bomba la kuendea huko limeziba. Huu si wakati wa kufungua mitego. Liitwe gari la kunyonya maji taka, na chemba za nje zikaguliwe. Mtu asiingie kamwe ndani ya shimo, hata kama linaonekana tupu. Hidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa pua wa kunusa, hivyo anayeingia hudhani hewa ni safi, naye hupoteza fahamu ghafula.

Bomba linadata baada ya kumwagwa maji ya moto. Hiyo si hewa. Bomba la plastiki hurefuka kwa joto: lenye urefu wa mita 3, joto lake likipanda kwa nyuzi 40, huongezeka karibu milimita 7 na kusuguana na ukuta au vibanio. Liachiwe nafasi ndogo linapopita ukutani.

MATENGENEZO

Pale ambapo umbo la bomba ndilo kasoro, mtego wenye umbo la S ubadilishwe, na uwekwe ule ambao baada ya pindo huelekea ukutani kwa mteremko mdogo, kiasi cha milimita 20 hivi kwa kila mita. Kwa kanuni za ujenzi za Uingereza, tawi la beseni lenye bomba la milimita 32 lisilo na bomba lake la hewa lisizidi mita 1.7, la milimita 40 lisizidi mita 3. Likihitajika kuwa refu zaidi, liongezwe upana au lipewe hewa. Bomba la hewa lipande juu ya ukingo wa sinki kabla ya kulazwa, lisije likajaa maji machafu. Nalo litokee juu ya paa, mbali na madirisha, likiwa na wavu wa kuzuia ndege.

Mpira wenye mikunjo unaouzwa madukani hutumiwa mara nyingi kuunganisha sinki na ukuta. Ukinyooshwa bila pindo, mtego haupo kabisa. Ukipindwa, mikunjo yake hunasa mafuta, na pindo huweza kunyooka siku yoyote. Mtego mgumu wa plastiki ni bora.

Dawa kali za kuzibulia hazitibu upungufu wa hewa, nazo huunguza ngozi na macho. Asidi isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Maji yanayochemka nayo hulegeza mabomba ya plastiki. Ama vidonge vya naftalini, hufunika harufu tu na kuuacha mlango wazi. Tena ni sumu kwa mtoto atakayevidhani kuwa peremende.

Nyumba inapofungwa kwa safari ndefu, kila tundu limiminiwe maji, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kuchelewesha maji kukauka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili, na tundu la pili la nyumba ni lipi?
2. Beseni la kunawia hukoroma kila choo kinapovutwa, ingawa maji yake hushuka kwa kasi. Kasoro itafutwe wapi kwanza?
3. Chumba cha wageni kimekaa miezi miwili bila kutumika, na bafu lake linanuka ijapokuwa halijapata kukoroma. Eleza sababu, na utaje dawa isiyogharimu fedha.