Kutengeneza Injini ya Lori kwa Fedha Kidogo

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kutengeneza lori lake la mahindi hapa Songea. Liliishiwa nguvu katika mlima wa Lukumburu, likielekea Makambako, na fedha za injini nyingine hazikuwapo.

Kazi ya tabo ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Huzungushwa na moshi wa ekzosi, zaidi ya mara 50,000 kwa dakika, na shafti yake huelea katika oili. Oili ikikosekana, beringi huungua upesi.

Fundi hakununua kitu kwanza. Alitikisa shafti kwa vidole, ikacheza, lakini mapanga yalikuwa hayajagusa kuta. Akafungua bomba dogo la oili, akalikuta limezibwa na masizi. Akapima mgandamizo wa kila silinda: zote sawa. Basi pistoni na ringi hazikuguswa. Tulinunua beringi na sili za tabo, bomba, filta na oili tu.

Angalieni, wenzangu: tungalibadili tabo peke yake, bomba lile lingaliua na mpya. Masizi hutokana na kuzima injini ingali moto sana. Baada ya kupanda mlima, iacheni ingurume polepole dakika 3, ndipo mzime.