Darsa Nje ya Nyumba

Miongoni mwa ndugu zetu wa pwani waliohamia Nyeri, Karatina na Nanyuki kwa biashara na kazi, imekuwa ada kuwafungia watoto ndani. Sababu waitoayo ni baridi. Mtoto arudipo skuli huingia chumbani, na siku za likizo hushinda humo kutwa na kitabu au simu, na mzazi hudhani kuwa amemhifadhi.

Kusomesha nyumbani si jambo geni kwetu. Machi 2020, skuli za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021, na kila nyumba ikawa skuli, kwa kutaka na kutotaka. Hatusemi kwamba mtoto atolewe skuli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka. Twasema juu ya saa zilizo mikononi mwa mzazi mwenyewe, jioni na siku za likizo. Darsa za saa hizo si sharti ziwe chini ya dari.

Tutoe mfano wa fimbo. Mzazi na asimamishe uani fimbo iliyonyoka, sentimita 100 juu ya ardhi, na tangu saa sita mchana watoto watie alama penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli hupungua, kisha huanza kurefuka. Pale kilipokuwa kifupi kabisa ndipo jua linapopinduka, na mstari wake ndio mstari wa kaskazini na kusini. Nyeri i kusini ya ikweta kwa kiasi cha nusu digrii tu; basi mwishoni mwa Juni kivuli hicho huelekea kusini, chapata sentimita 44, na mwishoni mwa Desemba hugeukia kaskazini, sentimita 42. Machi na Septemba hukaribia kutoweka. Kisha mtoto aongeze urefu wa fimbo juu ya kivuli kile cha Juni, apate 144; kivuli kifikapo hapo, wakati wa Alasiri umeingia kwa madhehebu yetu ya Shafii. Na kutoka mstari wa kaskazini ageuke mashariki digrii saba hivi, ameelekea Kibla. Hisabu, jiografia na fiqhi zimekutana penye fimbo moja, wala haikununuliwa.

Hasara ya kukaa ndani yaonekana hapa. Nyumba ya Nyeri itundikapo ukutani ratiba ya Sala ya Mombasa, hujipoteza yenyewe. Nyeri i magharibi ya Mombasa kwa digrii karibu 2.7, na kila digrii ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Nyeri hupinduka dakika 11 hivi baada ya la Mombasa. Mwenye kusali Adhuhuri mara tu ratiba ile isemapo, amesali kabla ya wakati. Na mwenye kufuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa hufuturu jua halijatua. Watoto wawili wenye fimbo na saa wangaligundua jambo hilo kwa mchana mmoja.

Wapelekwe pia Mto Chania, pamoja na mtu mzima, kwani maji ya milimani yana nguvu. Waulizwe: maji haya yaenda wapi? Huteremka mpaka Tana, na Tana huyafikisha baharini Kipini, kwa jamaa zao. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe karibu na Nyeri mwaka 1940, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 alisimulia kijito alichokiendea utotoni na mayai ya vyura aliyoyachezea humo; akasema kijito kile kimekauka. Elimu yake ya skuli ilikuwa kubwa, walakini huzuni hiyo hakuipata kitabuni.

Ama baridi, koti na viatu vyatosha. Linalotutisha zaidi ni jiko la makaa lililowashwa katika chumba kilichofungwa madirisha, kwani hewa yake huua. Na macho nayo: huko Guangzhou, Uchina, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya skuli walichunguzwa kwa miaka mitatu, na utafiti ukachapishwa 2015. Waliopatwa na udhaifu wa kuona mbali walikuwa asilimia 30. Kwa wenzao wasioongezewa, karibu 40.

Wala wasichana wasiachwe jikoni ndugu zao watokapo. Wao ndio watakaowafundisha watoto wa kesho, na fimbo haiulizi nani aliyeishika.

Siku za ukungu wa Julai hakuna kivuli. Siku hizo watoto na waweke kopo lililonyoka kando uani, wapime maji ya mvua kwa rula kila asubuhi, na kuandika katika daftari. Mwisho wa mwezi walinganishe na binamu zao wa Mombasa waliofanya vivyo hivyo.