George Herriman na Paka Wake

Watu wengi wafunguapo gazeti hutazama kwanza picha za kuchekesha, kisha ndipo wasome habari. Wakiisha kucheka, gazeti huwa la kufungia maandazi. Kwa hiyo twadhani kwamba kuchora picha hizo ni kazi ndogo. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40, tuone kama kweli ni ndogo.

George Herriman alizaliwa tarehe 22 Agosti 1880 mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Jamaa zake walikuwa Wakrioli, yaani watu wenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu, na baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Mwaka 1890 Louisiana ilitunga sheria ya kuwatenga watu weusi na weupe katika mabehewa ya gari la moshi, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali. Yapata mwaka huo wa 1890 baba yake aliwahamisha jamaa zake mpaka Los Angeles, mbali sana upande wa magharibi. Huko watu hawakuijua asili yao, nao wakahesabiwa kuwa Wazungu.

Kijana George alimaliza shule mwaka 1897 akapata kazi katika gazeti moja la mji huo. Mwaka 1900 alikwenda New York kutafuta riziki. Alianzisha visa vingi vya picha, na vingi vikafa upesi, lakini hakuiacha kalamu. Mwezi wa Juni 1910 alianza kisa cha jamaa ya Dingbat, waliosumbuliwa na wapangaji wa ghorofa ya juu. Chini ya picha hizo palibaki nafasi kidogo, naye akaijaza kwa kuchora paka na panya. Siku moja ya Julai panya akamtupia paka kitu kichwani. Wasomaji walifurahi, na tarehe 28 Oktoba 1913 wanyama hao wakapewa mahali pao wenyewe gazetini. Kisa kikaitwa Krazy Kat.

Habari yenyewe ni fupi. Paka mweusi anampenda panya, jina lake Ignatz. Panya hampendi paka, naye humpiga tofali. Paka hufikiri kwamba tofali lile ni salamu ya mapenzi. Mbwa aliye askari polisi anampenda paka, kwa hiyo humkamata panya na kumtia jela. Basi, ni hayo tu, kwa zaidi ya miaka 30! Lakini kila mara Herriman aliyageuza kwa njia mpya. Nyuma ya wanyama alichora majabali ya Arizona, nchi aliyoipenda sana. Katika picha moja utaona jabali, katika picha ifuatayo pana mti, na wanyama hawakusogea hata hatua moja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Si wasomaji wote waliokielewa kisa hiki, na magazeti yaliyokichapa hayakuwa mengi. Lakini mwenye magazeti, William Randolph Hearst, alikipenda akakataa kiondolewe. Mwaka 1924 mwandishi Gilbert Seldes alikisifu katika kitabu chake, akakihesabu pamoja na kazi bora za sanaa za Marekani.

Wakati huo wote Herriman alikuwa na siri. Wenzake kazini walimwita Mgiriki kwa kukisia tu, naye hakuwasahihisha. Karibu siku zote alivaa kofia, na wengi wadhani kwamba alikuwa akificha nywele zake. Alifariki tarehe 25 Aprili 1944, na cheti cha kifo chake kilisema kwamba alikuwa Mzungu. Ilikuwa mwaka 1971 ndipo cheti chake cha kuzaliwa kilipoonekana, nacho kilimwandika kuwa mtu wa rangi.

Tukilijua hilo, twazitazama picha zake kwa jicho jingine. Katika ukurasa mmoja paka anatoka kwa mtengeneza nywele akiwa mweupe. Papo hapo panya anampenda! Akiisha kumtambua kuwa ni paka yule yule, anatafuta tofali. Zamani watu walicheka wakapita. Sisi twaona kwamba mchoraji alisema jambo ambalo hakuweza kulisema kwa mdomo.

Wako watakaomlaumu kwa kuificha asili yake. Mimi naona lawama ni ya sheria na desturi za nchi yake. Siku zile magazeti makubwa ya Wazungu yalikuwa karibu yamewafungia watu weusi mlango. Kama angalisema kweli, yamkini asingalipewa meza wala wino, na paka yule asingalizaliwa. Nasi tujiulize ni wangapi wengine, wenye vipawa kama chake, waliofukuzwa mlangoni kwa kuwa rangi yao haikufichika.

Alipokufa, Hearst hakumpa mtu mwingine kisa kile akiendeleze. Ukurasa wa mwisho ulitoka tarehe 25 Juni 1944. Basi, ndugu zangu wanafunzi, mkiona picha ya kuchekesha gazetini, chekeni, kisha itazameni mara ya pili kabla ya kufungia maandazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV